Uzi maalumu: Michezo ya ubaoni kwa watoto wa miaka 3 hadi 8 (kutengeneza, kucheza, na hesabu iliyomo ndani yake)

Fundi_Maboksi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya michezo ya ubaoni yamekuwa yakitawanyika kwenye nyuzi nyingine, basi tuyakusanye hapa. Naanza na ubao mmoja tu, wa namba 1 hadi 10 ulionyooka, maana ndio rahisi kuliko zote kutengeneza na ndio uliopimwa vizuri.

Mwaka 2008 Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha matokeo ya majaribio yao na watoto wa chekechea wa familia za kipato cha chini nchini Marekani. Watoto walicheza ubao huo vipindi vinne vya dakika 15 ndani ya wiki mbili, basi. Wakaimarika katika kuhesabu, kutambua namba zilizoandikwa, kulinganisha namba ipi kubwa, na kuonyesha namba inakaa wapi kwenye mstari. Wiki 9 baadaye walipimwa tena na bado walikuwa nayo. Wenzao waliocheza ubao unaofanana lakini wenye rangi badala ya namba hawakupata kitu hicho. Kwa hiyo mchezo wenyewe haufundishi kwa kuwa ni mchezo. Unafundisha kwa jinsi ulivyochorwa na kwa kile mtoto anachotamka akiwa anasogeza kete.

Kutengeneza: tafuta boksi gumu, la mafuta ya kula au la sabuni. La biskuti ni jepesi, linajikunja. Kata utepe wa sm 60 kwa sm 12, piga mstari kila baada ya sm 5, utapata vyumba 12. Cha kwanza kushoto andika ANZA, cha mwisho kulia MWISHO, vya katikati 1 hadi 10. Namba iwe na kimo cha sm 3 na ikae juu kabisa ya chumba, ili kete ikiwekwa chini yake isiifunike. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaandika namba katikati, kete inakaa juu yake, na mtoto hana cha kusoma. Rangi mbili za kupishana zinatosha.

Kete ni vifuniko viwili vya chupa za maji vya rangi tofauti. Visoda vya chuma vinafaa pia, lakini meno yake yagonge kwanza kwa nyundo yalale, la sivyo yatachana ubao.

Cha kutoa namba: kata duara la boksi la kipenyo cha sm 10, ligawe nusu kwa nusu, upande mmoja 1, mwingine 2. Weka klipu ya karatasi katikati, simamisha ncha ya kalamu ndani ya klipu, kisha piga klipu kwa kidole izunguke. Ikikwama, bandika selotepu juu ya duara, iteleze.

La mwisho kwa leo: wachezaji wote wawili wakae UPANDE MMOJA wa ubao. Akikaa mmoja ng'ambo, anaona namba zimepinduka, 6 inakuwa 9, na kwake mchezo unaenda kulia kwenda kushoto. Pigia 6 na 9 mstari chini hata hivyo.

---

Mwl_Chekechea

Ahsante mkuu kwa madini. Swali: kwa nini 1 na 2 tu? Dadu za kawaida zipo dukani, si tungetumia hizo?

---

Fundi_Maboksi

Mwalimu, piga hesabu. Dadu ya 1 hadi 6 inatoa wastani wa 3.5. Kwenye vyumba 10 mtoto amefika ndani ya marusho matatu. Ametamka namba, ndiyo, lakini kwa kuruka mafungu makubwa na kwa haraka. Ukiwa na 1 na 2, wastani ni 1.5, kwa hiyo zamu zinafika saba hivi, na kila zamu anasimama, anaangalia yuko namba ngapi, anasema zinazofuata. Mchezo mzima bado ni dakika mbili au tatu, ndani ya dakika 15 mnacheza raundi tano.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 anatambua kimoja, viwili, pengine vitatu kwa kutupa jicho tu. Akiona nukta tano kwenye dadu inabidi azihesabu, na akishamaliza kuzihesabu ameshasahau alikuwa chumba gani. Unampa kazi mbili kwa pamoja. Akizoea, mpe dadu ya 1, 2 na 3, kila namba pande mbili. Dadu kamili ije kwenye ubao mrefu.

---

Hesabu_Mtaani

Naongezea lililo muhimu kuliko ubao wenyewe: KUTAMKA.

Mtoto yuko chumba cha 5, amepata 2. Wengi wetu tunamwacha aseme "moja, mbili" huku akisogeza. Inaonekana sawa, na ndivyo sisi sote tunavyocheza. Sasa mwelekeze aseme "sita, saba". Yaani ataje namba ya chumba anachokanyaga, siyo idadi ya hatua. Elida Laski na Siegler walilijaribu hili kwa ubao wa 0 hadi 100 (matokeo yalitoka 2014): waliotaja namba za vyumba walijifunza, na waliohesabu kila mara kuanzia moja walipata kidogo sana. Ubao uleule, muda uleule.

Tena inatibu kosa moja sugu, la mtoto kuhesabu chumba alichosimama kama "moja". Yuko 5, amepata 2, anagusa 5 anasema moja, anagusa 6 anasema mbili, anabaki 6. Ukimwambia "umekosea" atasogea chumba kimoja ili uridhike, na kosa litarudi zamu ijayo. Akitakiwa kutaja namba, hawezi kuanza na "tano", kwa sababu tano ndipo alipo.

Utaratibu wa zamu moja, kwa mfuatano huu:
- Zungusha, soma namba kwa sauti: "nimepata mbili".
- Weka kidole chini ya kete, taja ulipo: "niko tano".
- Sogeza chumba kwa chumba ukitaja: "sita… saba".
- Mwenzio ndiye anaangalia. Akiona kosa anasema "rudi tano", siyo jibu.

Akikwama kutaja, mtu mzima aseme naye kwa pamoja kisha mtoto arudie peke yake. Usimalizie wewe ukasogeza kete yake. Kete ya mtoto inaguswa na mtoto.

---

Nesi_Zamu

Kabla hamjafika mbali. Viwango vya usalama vya vitu vya kuchezea vya walio chini ya miaka 3 hutumia kibomba cha kupimia chenye upana wa mm 31.7. Kitu kinachoingia humo chote kinahesabiwa kwamba kinaweza kukaba koo. Kisoda kilichotoka chupani kina karibu mm 29. Kinaingia. Kifuniko cha chupa ya maji, vivyo hivyo. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, tumieni vifuniko vipana vya makopo (sm 5 na kuendelea) na vyumba vya ubao viwe sm 7.

Na maharage msiyafanye kete kwa watoto wadogo. Yanaingia puani na sikioni, na harage likipata unyevu linavimba. Likiingia sikioni msimwage maji, likiingia puani msichokonoe kwa kibanio, mtazidi kulisukuma. Hospitali.

---

Mwl_Chekechea

Duh. Na komwe je?

---

Nesi_Zamu

Komwe ni kama sm 2, kwa hiyo zinaingia kwenye kile kibomba. Miaka 4 kwenda juu, mtu mzima akiwepo.

---

Mlezi_Kisumu

Niko upande wa Kenya, PP1 na PP2 (madarasa mawili ya awali). Huku watoto wengi huhesabu kwa Kiingereza darasani na kwa Kiswahili au lugha ya mama nyumbani. Ushauri: chagueni lugha moja kwa raundi moja, msichanganye katikati ya zamu. Kiswahili kina nafuu kwenye 11 hadi 19, maana kumi na moja, kumi na mbili, inajieleza yenyewe. Ugumu unakuja kwenye ishirini, thelathini, arobaini, ambazo hazifanani na mbili, tatu, nne. Hizo ziandikwe pembeni mwa kila safu ya ubao mkubwa.

Hapo nina swali. Je, nyoka na ngazi iko sawa kwa kusudi hili? Ina 1 hadi 100 tayari.

---

Hesabu_Mtaani

Nyoka na ngazi (asili yake India) ina matatizo matatu kwa mtoto wa chini ya miaka 6.

Kwanza njia yake ni ya kupinda. Safu ya kwanza inaenda kulia, ya pili inarudi kushoto, ya tatu kulia tena. Mtoto akifika 10 anatakiwa apande juu na kugeuka. Wengi wanarudi mwanzo wa safu upande wa kushoto, wanatua 20. Pia 13 haikai chini ya 23, inakaa chini ya 28, kwa hiyo mpangilio wa makumi haujitokezi.

Pili, nyoka na ngazi zinavunja mstari wa namba. Unatoka 4 unaruka 14, halafu unashuka tena. Ni raha, sikatai, lakini lile funzo la "kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo nilivyo mbali na mwanzo" linavurugika.

Tatu, urefu. Chutes and Ladders, ubao wa Marekani wenye ngazi 9 na nyoka 10, kihesabu huhitaji wastani wa karibu marusho 40 kwa mchezaji mmoja. Wachezaji wanne ni marusho mengi mno, na kuna mchezo unaokwama kwenye nyoka wa juu mpaka mtoto anaondoka.

Ubao mbadala ni wa kuchora mwenyewe: boksi la sm 50 kwa 50, vyumba 100 vya sm 5. Safu ya chini 1 hadi 10, inayofuata juu yake 11 hadi 20, ZOTE zikianza kushoto. Sasa 3, 13, 23, 33 ziko mstari mmoja wima, na kuongeza kumi ni kupanda chumba kimoja. Mwisho wa kila safu chora mshale mwembamba wa kurudi kushoto juu, na safu zipake rangi mbili kwa kupishana ili jicho lisipotee. Mwanzoni funika safu za juu kwa karatasi, chezeni 1 hadi 20 tu. Kila wiki funua safu moja.

Kama mtoto amelilia nyoka, weka nyoka wawili na ngazi mbili, na ziwe za wima: kutoka 12 kupanda 32, kutoka 47 kushuka 27. Hapo hata nyoka anafundisha makumi.

---

Kibarazani

Wakuu mmesahau ludo, ndio mchezo uliopo kila nyumba.

---

Fundi_Maboksi

Hatujausahau, tunauogopa. Siegler na Ramani walilinganisha pia ubao ulionyooka na wa mviringo (2009) na ulionyooka ndio uliosaidia kuelewa ukubwa wa namba. Ludo ni ya kuzunguka, tena haina namba kwenye vyumba. Ichukulie kama mchezo wa zamu, wa kusoma dadu na wa kuchagua kete ipi isogee.

Kwa kanuni za watu wazima ni mateso kwa mtoto wa miaka 5. Kutoka nyumbani mpaka upate 6: uwezekano wa kurusha mara tano bila 6 ni asilimia 40. Watoto wawili kati ya watano wamekaa wanaangalia wenzao tu. Halafu kete moja ina safari ya hatua 56 mpaka kituoni, sawa na marusho 16. Kete nne ni marusho 64, wachezaji wanne 256, na hujahesabu kuliwa. Kila rusho la mtoto ni sekunde 15 ukijumlisha dadu iliyotumbukia chini ya kochi. Zidisha mwenyewe.

Rekebisha hivi: kete moja kila mtu, zote zianze zikiwa zimeshatoka. Wachezaji wawili, dakika 8 mmemaliza. Akizoea, kete mbili, kutoka kwa 1 au 6 (hapo kukwama marusho matano kunashuka hadi asilimia 13). Kula kuje mwisho, na anayeliwa arudi vyumba 5 nyuma badala ya kurudi nyumbani. Na kete mbili ndizo zinaleta swali zuri la kumuuliza: "nne hii uipe kete ipi?"

Ludo ya simu kwa umri huu haina faida. Simu inarusha, inahesabu, inasogeza. Mtoto anabonyeza tu.

---

Pwani_Yetu

Assalaam alaykum. Zipo familia hazipendi dadu nyumbani kwa ajili ya hadithi ya Mtume inayokataza nardi (mchezo wa dadu), na wapo walimu wa madrasa wanaokataza kabisa. Msibishane nao, badilisheni kifaa: kadi 12 za manila, sita zimeandikwa 1, sita 2, mtoto anachukua ya juu. Ambaye hata kadi ya bahati hataki, basi aende kwenye bao. Bao halina bahati hata chembe.

---

Kibarazani

Bao la kete kwa mtoto wa miaka 5? Watu wazima wenyewe linawashinda.

---

Pwani_Yetu

Bwana, hakuna aliyesema aanze na kunamua na nyumba na takasa (kanuni za bao la wakubwa). Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za nane, kete 64. Mtoto apandishwe kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza, miaka 4 na 5. Trei ya mayai 30 ina safu tano za mashimo sita. Kata safu mbili, umepata ubao wa 2 kwa 6. Trei moja inatoa mbao mbili, na safu inayobaki ikate vipande viwe vikombe vya akiba. Weka kokoto laini mbili kila shimo, jumla 24. Kazi ni moja tu: chota shimo lote, gawa moja moja kuzunguka kinyume cha saa. Hakuna kula. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unagawa. Hapa makosa ni mawili, kudondosha mbili shimo moja, na kuruka shimo la pembeni pale njia inapogeuka. Pembeni hapo weka alama ya mshale.

Ngazi ya pili, miaka 5 na 6. Kila mtu ana safu yake na kikombe chake upande wa kulia. Kokoto tatu kila shimo, jumla 36. Unagawa kuanzia shimo lako, ukipita kikombe chako unatia moja, cha mwenzio unakiruka. Ya mwisho ikiangukia kikombeni kwako, unacheza tena. Ikiangukia shimo lako lililokuwa tupu, unachukua hiyo pamoja na zilizo mbele yake upande wa mwenzio. Safu ya mmoja ikiisha, zilizobaki ni za mwenye safu. Hesabuni vikombe.

Sasa, swali la dhahabu, na liulizwe KABLA hajachota: "Ya mwisho itaangukia wapi?" Mwanzoni atatembeza kidole. Baadaye atatembeza macho tu. Baadaye atakujibu hapo hapo, na atakuwa anachagua shimo kwa ajili ya jibu hilo. Huko ndiko hesabu iliko. Mtoto anayechota na kugawa bila kuulizwa anaweza kucheza mwezi mzima akiwa anafurahia mlio wa kokoto.

Ngazi ya tatu ni bao la kujifunza, miaka 8 hivi. Ubao kamili wa mashimo 32, kete mbili mbili kila shimo tangu mwanzo, hakuna za mkononi, hakuna habari ya nyumba. Akishaelewa kwamba mapigano ni ya safu mbili za ndani na kwamba alizokula anaziingizia kichwani (shimo la mwisho la safu ya ndani), ndipo apewe bao lenyewe: sita kwenye nyumba (lile shimo la mraba la safu ya ndani), mbili na mbili mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi.

---

Muscat_Mswahili

Huku Oman lipo la hawalisi, karibu sawa na hilo la kujifunza: safu nne za mashimo saba, kete mbili mbili, jumla 56. Wenye watoto huku wanaweza kuanzia hapo, ubao ni kuchimba mchangani tu.

---

Mlezi_Kisumu

Kwa wasiopata kete nyingi, kuna Shisima ya Magharibi ya Kenya, kwa Watiriki. Kete sita tu. Chora umbo la pembe nane, unganisha kila pembe na katikati. Kila mchezaji ana kete tatu kwenye pembe tatu zinazofuatana, wanatazamana, kwa hiyo pembe moja inabaki wazi kila upande na katikati ni wazi. Unasogea hatua moja kwenda nafasi iliyo wazi jirani, kuruka hakuna. Anayepanga kete zake tatu mstari mmoja kupitia katikati ameshinda. Mkirudia mwendo uleule mara tatu, ni sare, anzeni upya.

Miaka 5 wanaiweza. Kosa lao kubwa: anayeanza anakimbilia katikati na kung'ang'ania hapo, mwenzie naye hazibi pembe ya upande wa pili. Mwonyeshe mstari wote kwa kidole, pembe hadi pembe, maana yeye anaona pembe zilizo karibu naye tu.

---

Kibarazani

Na drafti?

---

Mlezi_Kisumu

Drafti kamili ya vyumba 64 na kete 12 kila upande ni nyingi kwa miaka 6. Chora 6 kwa 6, kete sita kila mtu, safu mbili za mwanzo kwenye vyumba vyeusi. Kingi atembee hatua moja kwanza, achana na kingi wa kuruka ubao mzima.

Kabla ya hapo wachezeni fisi na mbwa kwenye ubao wa 8 kwa 8: mbwa wanne wanakaa vyumba vyeusi vya safu ya mwisho, fisi mmoja upande wa pili. Wote hatua moja ya mshazari. Mbwa wanasonga mbele tu, fisi mbele na nyuma. Hakuna kula. Fisi akiwapita wote ameshinda, akizingirwa ameshindwa. Mtu mzima awe fisi. Mbwa wakicheza bila kosa hushinda, kwa hiyo mtoto ana njia ya kweli ya kukushinda bila wewe kujifanya mjinga, na siri yake ni mbwa wasiachane, safu iende pamoja.

---

Mwl_Chekechea

Haya yote mazuri, lakini darasa la awali lina watoto 60 na mwalimu mmoja. Tunafanyaje?

---

Hesabu_Mtaani

Usicheze na 60. Tengeneza mbao nane za 1 hadi 10, watoto 16 wawili wawili kwenye mkeka, 44 waliobaki wawe na kazi ya kimya (kuchora, kufinyanga, kupanga vijiti). Zungusha makundi kwa siku nne, kila mtoto anapata kipindi kimoja kwa wiki.

Mgawo wa wawili ndio wa kuangalia. Ukiweka wawili wasiojua kabisa, watasogeza kete ovyo na kufurahi. Ukiweka mjuzi sana na asiyejua, mjuzi atasogeza kete zote mbili. Weka aliyefika 10 na aliyefika 5. Siku ya kwanza fundisha wanane tu mpaka wajue ule utaratibu wa kutamka, kesho kila mmoja anakaa na mgeni. Wewe zunguka ukisikiliza jambo moja: wanasema "sita, saba" au "moja, mbili"?

Kila ubao na kete zake kwenye mfuko wake wa kitambaa, umeandikwa idadi ya vitu. Mtoto anahesabu kabla ya kurudisha. Mfuko mmoja wa pamoja ukiuweka, ndani ya wiki mbili utakuwa na vifuniko visivyo na jozi.

---

Mama_Wawili

Wangu hapa najua hamtaki visa, basi swali tupu: mtoto akishindwa analia na kupindua ubao. Nimwachie ashinde?

---

Nesi_Zamu

Dada, mchezo wa bahati hauna haja ya kumwachia, nusu ya raundi atashinda mwenyewe. Fanya mchezo uwe mfupi, raundi tatu mfululizo, na usisimamishe wa kwanza akifika. Wa pili naye aendelee mpaka MWISHO, maana anahitaji kuzitamka namba zote kama mwenzie. Na kwa wiki ya kwanza chezeni upande mmoja: kete moja yenu wote, kete nyingine ni "mvua". Kila mkimaliza zamu, mvua inasogea chumba kimoja. Mfike kabla ya mvua. Nyinyi ndio mnaanza na kila zamu mnapata angalau 1, kwa hiyo mtaishinda mvua kila mara.

---

Kibarazani

Mbao zangu za boksi zinajikunja kama chapati. Niko Tanga, unyevu.

---

Fundi_Maboksi

Umebandika manila upande mmoja tu. Gundi ikikauka inavuta upande huo. Bandika karatasi pande zote mbili, halafu zilaze chini ya vitu vizito usiku kucha. Gundi ya mbao nyeupe, iliyopunguzwa kwa maji kidogo, siyo ya unga wa ngano. Ya unga inaita mende na panya, watakula kuanzia ANZA. Kingo zote zizungushie selotepu pana, maana maji huingilia kwenye kingo.

---

Mwl_Chekechea

La mwisho kwangu. Fundi seremala amenikatia dadu za mbao za sm 2.5, nimeandika 1 pande tatu na 2 pande tatu. Naona 2 inatoka sana.

---

Fundi_Maboksi

Angalia mpangilio kwanza: pande zenye 1 zisikutane zote kwenye kona moja, la sivyo dadu ikiwa na kona nzito namba moja inatawala. Usiweke 1 mkabala na 2 kwenye jozi zote tatu za pande zinazotazamana, maana zikiwa hivyo lazima kona moja iwe na 1 tupu. Basi fanya hivi: jozi moja 1 na 1, jozi moja 2 na 2, jozi ya tatu 1 na 2. Hapo hakuna kona yenye namba moja tupu kwa pande zote tatu. Piga msasa kona zote nane sawasawa, rusha mara 60. Ikileta kati ya 22 na 38 za namba moja, iache ilivyo. Ikitoka nje ya hapo, huenda mbao ina fundo ndani, mwambie fundi akukatie nyingine.